Njumu, Udodi na Masango: Majina ya Mapambo Madogo ya Madini katika Nyanda za Juu za Kusini

Atazamaye vitu vilivyofukuliwa ardhini katika nchi ya Iringa na Mbeya huvutwa kwanza na vile vikubwa. Huko Isimila macho huyakimbilia mashoka ya mawe. Huko Mlambalasi, magharibi mwa mji wa Iringa, watu huuliza habari za mifupa ya kale iliyozikwa katika pango la mwamba. Huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, husimuliwa habari za chumvi. Lakini matabaka ya Zama za Chuma yana mabaki ya namna nyingine pia, madogo mno, ambayo mfukuaji asiye mwangalifu aweza kuyatupa pamoja na udongo: kipande cha waya kilichopindwa, pete isiyoingia kidoleni, msokoto mwembamba wenye kutu ya kijani, kijisumari chenye kichwa cha duara. Kitu cha namna hiyo kikishafika mezani hapana budi kiandikiwe jina. Kwa Kiswahili jina hilo aghalabu huwa "pambo la shaba" au "kipande cha waya", na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Haikwisha. Neno "waya" ni geni na jipya, nalo limekuja pamoja na bidhaa ya viwanda. Neno "shaba" nalo ni pana kupita kiasi, kwa maana limekusanya chini yake madini ya namna tatu. Maneno haya mawili yakiunganishwa katika kibandiko kimoja, yafuta mambo mawili ambayo kitu chenyewe kingeweza kuyasema: namna kilivyotengenezwa, na mahali madini yake yalikotoka. Na hasara hiyo si ya lazima, kwani Kiswahili kilikuwa na msamiati wa kutosha juu ya mambo haya kabla ya neno "waya" kuzoeleka.

Hebu yatazamwe maneno yenyewe. "Masango" ni waya mnene, wa shaba au wa madini mengine, uliosafirishwa kwa mizunguko mizito begani mwa wapagazi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliliandika neno hilo katika kitabu chake cha 1860 pamoja na majina ya mapambo yaliyofuliwa kwa waya huo, kama vile "kitindi", yaani mzunguko wa kuvaa mkononi, na "sambo" za miguuni. Hilo la mwisho lina ndugu ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa Wabemba wa kaskazini ya Zambia husema "insambo" kwa bangili za waya. "Nyerere" ni waya mwembamba sana wa kutengenezea mapambo na mikufu. (Jina la ukoo la Mwalimu Julius Nyerere halihusiani na waya huu; hilo ni la Kizanaki, na maana yake ni viwavi. Maneno mawili yaliyokutana kwa sauti hayawi jamaa kwa sababu hiyo.) "Udodi", ambao wingi wake ni "dodi", ni waya mwembamba wa bangili, hasa ule unaozungushwa juu ya singa za mkia wa mnyama. Kisha kuna "seng'enge", ambayo leo wengi huifikiria kuwa ni ya miiba tu, ya kuzungushia mashamba.

Msomaji ataona kwamba maneno haya hayagawi vitu kwa umbo tu. Yagawa kwa unene, kwa matumizi, na kwa kazi ya fundi. Masango ni mali ghafi, kitu cha kupimwa na kuuzwa; nyerere imekwisha kupita mikononi mwa mhunzi; udodi una kitu kingine ndani yake. Jambo hili la mwisho ndilo lenye faida kubwa kwa mfukuaji, na yafaa lielezwe kwa kituo.

Bangili ya udodi hufanywa hivi. Fundi huchukua singa za mkia wa ng'ombe, wa twiga au wa tembo, au nyuzi za mmea, akazikusanya kuwa kamba nyembamba. Kisha huzungusha waya juu yake, pindi kwa pindi, mpaka singa zisionekane kabisa. Bangili hupata kunyumbuka bila kuvunjika, huwa nyepesi, na hutumia madini machache kuliko bangili nzito iliyofuliwa kwa kipande kimoja. Mtu aweza kuvaa kumi au ishirini katika mguu mmoja. Ardhini mambo hubadilika. Singa huoza, waya hubaki. Na kinachopatikana ni msokoto mtupu, kama springi ndogo, ambao haufanani na bangili hata kidogo. Asiyejua neno "udodi" ataandika "springi" au "ushanga wa madini", au atadhani ni sehemu ya chombo fulani cha Kizungu, na kwa hiyo atalihesabu tabaka lote kuwa ni la juzi.

Tena kuna jambo ambalo wanaotunza vitu vya kale wanalijua vyema. Kutu ya kijani ya shaba ni sumu kwa vijidudu vinavyoozesha, na mara nyingine huingia ndani ya nyuzi na kuzihifadhi, hata ikabaki alama ya singa au ya uzi katikati ya msokoto baada ya mamia ya miaka. Kwa alama hiyo yaweza kujulikana kama ni singa ya mnyama au nyuzi za mmea. Lakini yule anayetaka kitu king'ae kwa ajili ya maonyesho huikwangua kutu, na pamoja nayo huondoa ushahidi wote. Mtu aliyefundishwa kwamba kitu hiki ni "waya" hana sababu ya kutazama ndani yake. Aliyefundishwa kwamba ni "udodi" anajua tangu mwanzo kwamba ndani palikuwa na kitu, naye atakitafuta kabla ya kushika brashi.

Kuhusu waya wenyewe, kuna njia mbili za kuupata, na kila moja huacha alama yake. Ya kwanza ni kufua: mhunzi hukata ukanda mwembamba wa madini juu ya fuawe, akaugonga kwa nyundo au kuupotoa mpaka ukawa mviringo. Waya wa namna hii hauwi sawa katika urefu wake. Una pande ndogo ndogo zilizobapa, au una mshono unaouzunguka kama mstari wa parafujo. Ya pili ni kuvuta: madini hupitishwa kwa nguvu katika bamba la chuma lenye matundu, kubwa kwanza, kisha dogo, kisha dogo zaidi. Waya wa kuvutwa una mikwaruzo myembamba iliyonyoka kwa urefu. Kioo cha kukuzia kisicho na nguvu nyingi chatosha kuonyesha tofauti hii, ikiwa kutu haikula uso wote.

Wako waliodhani kwamba waya wa kuvutwa ni alama ya biashara ya wageni, na kwamba Mwafrika wa bara alifua tu. Dhana hiyo ilivunjwa na ugunduzi wa Ingombe Ilede, katika bonde la Zambezi nchini Zambia. Mwaka 1960, wakati wa kujenga matangi ya maji kwa ajili ya watu waliohamishwa na bwawa la Kariba, yalionekana makaburi yenye utajiri mwingi: shanga za dhahabu, nguo ya pamba, vipande vya shaba vilivyosubiwa kwa umbo la msalaba, bangili za waya uliozungushwa juu ya nyuzi, na pamoja na hayo vyombo vya kuvutia waya. Mabaki yale yalichunguzwa na J. H. Chaplin, na baadaye na Brian Fagan. Hapo mwanzo mahali hapo palihesabiwa kuwa pa karne ya 7 hadi ya 10. Baadaye hesabu ikasogezwa mpaka karne ya 14 na 15. Na uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 umeyaweka makaburi hayo ya kitajiri kati ya nusu ya karne ya 15 na nusu ya karne ya 17. Hata kwa hesabu hiyo ya mwisho, mafundi wa bara walikuwa wakivuta waya muda mrefu kabla ya masango ya viwandani kuenea. Katika karne ya 19 Wayeke wa Katanga, ambao asili yao ni Usumbwa katika magharibi ya Tanzania ya leo, walijulikana sana kwa kazi hiyo hiyo ya kuvuta waya wa shaba.

Fagan huyo huyo, pamoja na John Yellen, alifukua Ivuna mwaka 1966, na habari zake zikatolewa mwaka 1968. Ivuna, ambayo zamani ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya na tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa mpya wa Songwe, ilikaliwa na watu waliochemsha chumvi tangu karne ya 13 hivi hata ya 15. Chumvi haina mbadala. Mtu wa mbali huifuata, na anayeifuata haji mikono mitupu. Kwa hiyo nchi hii isifikiriwe kuwa pembe iliyosahauliwa mpaka misafara ya pwani ilipofika. Ilikuwa na bidhaa yake, na ilikuwa na njia zake kuelekea magharibi na kusini, kwenye shaba.

Na hapa ndipo neno "shaba" linapoleta mashaka. Katika Kiswahili cha leo shaba ni madini mekundu yatokayo Katanga, ambayo serikali ya Zaire iliyaheshimu hata ikaliita jimbo lile Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997. Shaba ni pia yale madini ya manjano yenye zinki ndani yake, ya masinia na ya vitasa vya milango. Shaba ni pia mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, ambao katika michezo hutolewa kama medali ya mshindi wa tatu. Watu wakitaka kutenga husema "shaba nyekundu" na "shaba nyeupe" au "ya manjano", lakini katika vibandiko sifa hizo huachwa mara nyingi.

Asili ya neno yenyewe yafundisha. Katika Kiarabu "shabah" ni madini ya manjano, nayo yameitwa hivyo kwa kuwa yafanana na dhahabu. Shina lake ni lile lile la maana ya kufanana, lililokipa Kiswahili "shabihi" na, kwa wasomi wa ushairi, "tashbihi". Yaani maana ya kwanza ya shaba ni ile ya manjano, iliyoletwa kwa bahari, na ile nyekundu iliingizwa katika neno hilo baadaye. Haikosi maana. Mtu wa pwani alikutana kwanza na madini ya manjano yaliyokuja kwa jahazi. Mtu wa bara ya kusini magharibi alikutana kwanza na madini mekundu yaliyokuja kwa miguu. Lugha ya yule wa kwanza ndiyo iliyoenea, na kwa hiyo jina lake limefunika vitu vya yule wa pili.

Kwa nchi ya Iringa na Mbeya tofauti hii si ya rangi tu, bali ni ya dira. Ardhi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati haikutoa shaba ya manjano. Wahunzi wake hawakuyeyusha zinki. Basi pambo la manjano, lenye zinki ya kutosha, chanzo chake ni ng'ambo ya bahari, hata kama fundi wa hapa alilifua upya mara tatu. Pambo jekundu lisilo na zinki laweza kuwa limetoka machimboni Katanga au kaskazini ya Zambia. Nyanda za Juu za Kusini zimekaa katikati ya njia hizo mbili. Kibandiko kinachosema "shaba" bila kuongeza neno humnyima msomaji habari ya pekee aliyoihitaji: je, kitu hiki kilipanda kutoka Kilwa na Bagamoyo, au kilivuka kutoka magharibi? Kipimo cha kisasa cha miali ya eksirei hutoa jibu kwa dakika chache bila kukiharibu kitu. Lakini jibu likishapatikana kisha likaandikwa kwa neno moja la zamani, ni kama halikupatikana.

Katika karne ya 19 masango yalikuwa pia fedha. Msafara uliopita katika nchi ya mtawala ulilipa hongo kwa nguo, shanga na waya, na neno hili halikuwa na aibu iliyo nayo leo. Lilikuwa ushuru wa njia, uliojadiliwa mchana kweupe. Joseph Thomson, aliyepita Uhehe na Unyakyusa mwaka 1879, alisafiri kwa bidhaa za namna hiyo. Unyakyusa ulijulikana kwa mikanda ya pete za shaba iliyovaliwa kiunoni na wanaume kwa wanawake, na Monica Wilson, aliyekaa huko katika miaka ya 1930, ameitaja. Pambo la mtu lilikuwa hivyo akiba yake, na katika haja lingeweza kurudi kuwa bidhaa. Kwa sababu hii mhunzi hakukosa kazi ya kugeuza umbo: masango huwa kitindi, kitindi kilichovunjika huwa udodi, na mabaki ya udodi huwa pete ya mtoto.

Baada ya tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipoivunja kolamu ya Emil von Zelewski huko Lugalo na kuteka bunduki zake, chanzo kingine cha madini ya manjano kilijitokeza. Maganda ya risasi hutengenezwa kwa shaba ya manjano, ambayo kwa kawaida zinki yake ni karibu sehemu 3 katika 10. Ngome ya Mkwawa huko Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Kipande kidogo cha manjano kitakachookotwa katika uwanja kama huo chaweza kuwa pambo la zamani, kipande cha ganda, au pambo lililofuliwa kutokana na ganda. Na hayo matatu ni historia tatu mbalimbali. Neno "shaba" haliwezi kuzitenganisha, wala neno "pambo" peke yake.

Ama kuhusu chuma, hali ni nyingine, kwani nchi hii ilikuwa na chuma chake. Wakinga walifua majembe na mikuki na kuyauza kwa jirani zao Wanyakyusa. Wapangwa wa Ludewa waliyeyusha chuma katika milima yao, katika nchi ambayo sasa imo katika Mkoa wa Njombe. Wanyiha wa Mbozi na Wafipa walikuwa na matanuri yao, na yale marefu ya Ufipa yameelezwa kwa kirefu na Bertram Mapunda, kama vile Randi Barndon alivyoeleza ya Wapangwa na Wafipa pamoja. Hata hivyo waya wa chuma ni haba machoni pa watafiti, kwa sababu chuma hakina huruma ya shaba: kutu yake huvimba, hupasua, na msokoto mwembamba hugeuka kuwa bonge la udongo mwekundu. Orodha zenye shaba nyingi na chuma kichache zisisomwe kana kwamba watu walipenda hivyo.

Maneno ya chuma nayo yana fumbo dogo. "Chuma" cha Kiswahili ni "ki-uma", kama wingi wake "vyuma" unavyoonyesha. Lakini Mnyakyusa husema "ikyela", na Mbemba husema "icela". Ni shina jingine, lililoenea kusini magharibi. Basi Mnyakyusa alilipata jembe lake kutoka mashariki, kwa Mkinga, hali neno la madini yake linaambatana na watu wa magharibi. Wale wanaotaka kuchora njia za biashara kwa kufuata maneno tu wangepotea hapa, kwa maana neno lilikuwa limekwisha kukaa kabla ya jembe lile kununuliwa. Ushahidi wa maneno ni ushahidi wa kweli, lakini ni wa umri wake wenyewe.

Limebaki neno moja ambalo wafukuaji wanalihitaji kuliko yote, nalo limewaponyoka. Si kila pambo la madini lilivaliwa mwilini. Mengine yalipigiliwa katika kitu: mpini wa kisu, kitako cha bunduki, kiti, kata ya ugoro, mti wa mkuki. Kazi hiyo Kiswahili huiita "njumu". Bunduki ya njumu ni ile iliyotiwa fedha au madini mengine katika mti wake kwa vijisumari na vipande vidogo. Umbo la neno ni lile lile la "nujum" ya Kiarabu, yaani nyota, ambayo shina lake limo katika "unajimu". Na atazamaye kitako cha bunduki kilichojaa vichwa vya fedha hatashangaa. Leo kijana wa Mbeya au wa Iringa akisikia "njumu" hufikiria viatu vya mpira. Maana haikuruka bila daraja: viatu vile vina vichwa vilivyopigiliwa katika nyayo, kama mpini ulivyopigiliwa fedha. Maana mpya haina kosa, ila imeiacha ile ya kale bila wasemaji, na kijisumari chenye kichwa cha duara hukaa katika sanduku la makumbusho kikiitwa "msumari". Msumari hushika mbao. Njumu haishiki kitu, imekaa ili ionekane. Tofauti hii yaweza kusomwa katika kitu chenyewe: mguu wa njumu ni mfupi na mwembamba mno kwa kichwa chake, na mara nyingi upande wa chini wa kichwa umebaki na alama ya mti uliokuwa umekibeba.

Kuhusu "kipini", msomaji asisahau kwamba neno hilo ni udogo wa "mpini", na pia ni pambo la pua. Kijiti cha madini chenye kichwa, kilichopatikana karibu na fuvu, ni kipini. Kilichopatikana pamoja na kisu chaweza kuwa njumu. Mahali kilipolala ndipo panapoamua, na ndiyo maana kibandiko kisichotaja mahali hakifai hata kikiwa na jina zuri.

Jumba la makumbusho la Boma la Iringa lilifunguliwa mwaka 2016, na lile la Kalenga ni la zamani zaidi. Yote mawili huwapokea wanafunzi wanaosoma Kiswahili kabla ya lugha nyingine. Kibandiko cha maneno kama "dodi, shaba nyekundu, waya wa kuvutwa, alama za singa ndani" hakizidi mstari mmoja. Kingine chaweza kusema "njumu, shaba ya manjano, imefuliwa, alama ya mti chini ya kichwa". Maneno yote hayo yamo katika Kiswahili, na mengi yalikwisha kuwekwa katika kamusi ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1939. Yaliyo mapya ni zinki na eksirei tu.